Hakimu Hakutoka kwenye Haki

Kila panapozungumzwa uadilifu, iwe mimbarini, redioni au kwenye semina ya sheria, hakosi mtu wa kusema: "Hakimu ameitwa hakimu kwa sababu ya haki." Sentensi ni tamu na inaingia sikioni vizuri. Ila si kweli. Neno la Kiarabu hujengwa juu ya mzizi, yaani konsonanti zake za msingi, kwa kawaida tatu. Haki ni ya mzizi ح ق ق (ḥ-q-q), na hakimu ni wa mzizi ح ك م (ḥ-k-m). Mwarabu haoni undugu wowote hapo, kama sisi tusivyouona kati ya bata na pata.

Kosa lenyewe lina sababu. Kiswahili kilipoyapokea maneno ya Kiarabu kilifuta alama zilizokuwa zikiyatenga. Kafu ya ك na qafu ya ق zote zimekuwa k. Irabu ndefu na fupi zimelingana. Anayetaka kueleza asili ya neno kama hakimu hana budi kwanza arudishe kilichofutwa, kisha ndipo aseme. Wengi husema kwanza.

Kurudisha kuna utaratibu wake. Anza na irabu ya mwisho. Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, kwa hiyo neno la Kiarabu likiingia hupewa mkia, na mkia huo haupachikwi ovyo. Konsonanti ya mwisho ikiwa ya midomo, yaani b, f au m, mara nyingi mkia ni u: kitabu, sababu, sufu, kalamu, hakimu. Ikiwa nyingine, mara nyingi ni i: hadithi, safari, riziki, haki. Ukishautoa mkia, tafuta irabu iliyochomekwa katikati. Hapa mzizi wetu unafundisha vizuri kuliko mwingine wowote ninaoujua, maana irabu ya kuchomeka huiga jirani yake aliyetangulia, na maneno yetu matatu yanaonyesha irabu tatu: hukm ikawa hukumu, hikma ikawa hikima na baadaye hekima, mahkama ikawa mahakama. U ikaiga u, i ikaiga i, a ikaiga a.

Ile e ya hekima ni tabia nyingine ya Kiswahili: i iliyokaa jirani na herufi za kooni huweza kulegea ikawa e. Ndivyo walivyopatikana heshima, hesabu na elimu. Usiifanye sheria lakini, kwa sababu hirizi na hijabu zimekataa.

Kazi ngumu ni konsonanti. H ya Kiswahili inaweza kuwa ح inayotoka katikati ya koo (hesabu), خ inayotoka juu yake (habari, hasara), au ه inayotoka chini kabisa (hewa, hima). K inaweza kuwa ك (kitabu) au ق (kadhi, kalamu). M haina shida. Kwa hiyo h-k-m ya Kiswahili, kwa hesabu tu, inaweza kuwa mizizi 6 ya Kiarabu. Minne kati ya hiyo haina neno utakalolisikia popote leo. Inabaki miwili: ح ك م wa hukumu na hekima, na ه ك م ambao kazi yake ni kejeli. Na hapo ndipo mtu anapoweza kuaibika. تحكّم kwa ح ni kudhibiti, kushika usukani wa jambo. Rimoti ya televisheni kwa Kiarabu ni kifaa cha tahakkum kwa mbali. تهكّم kwa ه ni kumdhihaki mtu, kumpiga vijembe. Ukiyaandika kwa herufi za Kirumi bila alama, yote mawili ni tahakkum. Mtu aliyejifunza Kiarabu kwa maandishi ya Kirumi peke yake anaweza kumsifu bosi wake kwa dhihaka akidhani anamsifu kwa udhibiti.

Na haki nayo ina pacha wa kuchekesha. Ukikosea ukaweka ك badala ya ق, ḥaqq inakuwa ḥakk, na hiyo ni kujikuna.

Tukishaupata mzizi, swali linalofuata ni maana yake ya asili. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 395 Hijria (1004), aliandika kamusi nzima kwa lengo la kuutafutia kila mzizi maana moja au chache za msingi. Kwa ح ك م alitoa moja: kuzuia. Hukumu imeitwa hukumu kwa kuwa inamzuia mtu asidhulumu, na hekima inamzuia asifanye upumbavu. Ushahidi wake mkubwa ni kifaa cha farasi kiitwacho hakama, ile sehemu ya lijamu inayozunguka taya za mnyama. Kuna ubeti wa Zuhayr, mshairi wa kabla ya Uislamu, unaowataja farasi waliofungwa hakama za ngozi na katani, na kitenzi alichotumia ni uhkimat, wametiwa hakama. Na kuna mshairi Jarir wa zama za Banu Umayya aliyelionya kabila la Banu Hanifa: wazuieni wapumbavu wenu, nachelea nisije nikawakasirikia. Neno la kuzuia hapo ni ahkimu. Hakuna mahakama katika ubeti huo wala hekima ya vitabuni. Ni kuvuta kamba tu.

Kiswahili kilichukua lijamu, na kikachukua hatamu (ya asili ya khitaam), lakini hakama hakikuichukua. Ndiyo maana picha hii ya farasi imetupotea, na mtu akiisikia mara ya kwanza huipenda mno.

Mimi pia naipenda, ila siiamini yote. Ukitoka nje ya Kiarabu ukaenda kwa ndugu zake, farasi hayumo. Kwa Kiebrania mzizi huu huu ndio wa hokhma, hekima, na hakham, mwenye hekima, na hauhusiki na kuhukumu. Hakimu wao ni shofet, wa mzizi mwingine kabisa. Kwa Kiugariti, lugha ya kale ya Siria, ni kuwa na hekima. Kwa Kiakadi, lugha ya kale ya Iraki, ni kuelewa. Lugha tatu za ukoo mmoja zinaposema kujua na kuelewa, na moja peke yake ikasema kuzuia, dau langu naliweka kwa zile tatu. Huenda hakama ya farasi ni tawi lililochipua kwa Waarabu wenyewe, si shina. Ibn Faris hakuwa na Kiugariti mezani pake, na kwa alivyokuwa navyo alifanya kazi safi. Lakini mwalimu wa leo anayeanza somo kwa farasi na kulimalizia hapo hapo amechagua utamu.

Linalobeba maana hasa kwenye Kiarabu ni wazni, ile kalibu ambamo mzizi unamiminwa. Mzizi ni chuma kilichoyeyuka, na wazni ndiyo itakayosema kama litatoka jembe au panga. Tuziangalie kalibu tatu ambazo Kiswahili kimezichanganya.

Ya kwanza ni faa'il (f, ' na l hushika nafasi za herufi tatu za mzizi), yenye mada, yaani irabu iliyovutwa ikawa ndefu, kwenye silabi ya kwanza: حاكم, haakim. Huyu ni mtendaji, anayehukumu au anayetawala sasa hivi. Akiondoka kazini uhaakim umekwisha. Wingi wake ni hukkaam. Ya pili ni fa'iil, yenye mada kwenye silabi ya pili: حكيم, hakiim. Hii ni sifa iliyomkaa mtu, haiondoki kwa kustaafu: mwenye hekima, na kwa desturi ya zamani tabibu pia, kwa kuwa tiba na falsafa vilisomwa kwa mtu mmoja. Wingi ni hukamaa. Ya tatu ni fa'al, haina mada kabisa: حكم, hakam. Huyu ni mwamuzi aliyeteuliwa na wenye ugomvi, na kwenye Kiarabu cha leo ndiye refa wa mpira.

Sasa yalete pwani. Kiswahili hakina irabu ndefu za kutofautisha maneno namna hiyo, na mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Haakim anapata mkia, anakuwa ha-KI-mu. Hakiim anapata mkia, anakuwa ha-KI-mu. Wamegongana, na aliyebaki na maana ni haakim: hakimu wetu ni mtu wa mahakamani. Hakiim amebaki kwenye majina ya watu. Abdulhakim wa mtaani kwenu si mtumwa wa hakimu. Ni mja wa Al-Hakiim, Mwenye Hekima.

Historia nayo ina majina matatu ya kufanyia mazoezi. Al-Hakam wa Pili alitawala Cordoba mwaka 961 hadi 976. Al-Haakim bi-Amri Llah alitawala Cairo mwaka 996 hadi 1021. Na Luqman anayetajwa ndani ya Qurani huitwa Luqman al-Hakiim. Kwa Kiarabu ni sifa tatu tofauti. Ukiwaandika kwa Kiswahili bila uangalifu, wote watatu wanakuwa watu wa cheo kimoja.

Jina Al-Hakam lina uzito wake pia. Yule mpinzani mkubwa wa Mtume huko Makka tunayemjua kama Abu Jahl, watu wake walikuwa wakimwita Abu l-Hakam, baba wa uamuzi. Waislamu wakampindulia jina likawa baba wa ujinga. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume alimkuta sahaba aitwaye Hani' ambaye watu walimwita Abu l-Hakam kwa kuwa alikuwa akiwaamua wakaridhika. Mtume akamwambia kwamba Al-Hakam ni Mwenyezi Mungu, akampa kunia nyingine kwa jina la mwanawe mkubwa: Abu Shurayh.

Kalibu ya nne ni maf'ala, ya mahali: mahkama, panapotolewa hukumu. Ma ya mbele ni mimu ya mahali ya Kiarabu, ile ile ya madrasa (panaposomwa) na maktaba (palipo na vitabu). Sasa litazame neno mahakimu. Hilo nalo lina ma, lakini ni ma yetu wenyewe, ya wingi, kama maaskari na mabwana. Kwa hiyo katika sentensi "mahakimu wa mahakama ya wilaya" umetamka ma mbili zilizofanana kama shilingi kwa ya pili, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu. Mwanafunzi anayeulizwa umoja wa mahakama akajibu "hakama" ameidhania ya pili kuwa ya kwanza. Na asingekosea kama angeangalia upatanisho: tunasema mahakama hii, si mahakama haya.

Kalibu ya maf'uul, ya mtendwa, inatoa mahkuum, aliyehukumiwa. Hilo hatukulichukua. Tulichukua nduguye wa mzizi mwingine, mahabusu, kutoka mahbuus, aliyezuiliwa. Kitu cha kushangaza ni kwamba mahabusu wa Kiswahili kwa kawaida ni yule ambaye bado hajahukumiwa.

Kalibu za vitenzi hupangwa kwa namba, na kila moja naiita hapa sura, si sura ya Qurani. Vitenzi vyenyewe havina haja ya kutajwa vyote. Sura ya tatu, haakama, ni kumpandisha mtu kizimbani. Ya sita, tahaakama, ni wagomvi wawili kwenda pamoja kwa mwamuzi. Ya nane, ihtakama, haiko mbali na hiyo. Ya kumi, istahkama, ni kitu kukaza na kuwa imara, na wingi wa masdari yake (jina la kitendo) hutumika kwa maboma ya vita. Mbili ndizo za kukaa nazo.

Sura ya pili, kwa kutia shada herufi ya kati, yaani kuitamka maradufu, ni hakkama, masdari yake tahkiim: kumfanya mtu awe mwamuzi. Sura ya Nisaa, aya ya 35, imeweka utaratibu wa mume na mke wanaogombana: hakam mmoja kutoka kwa watu wa mume na hakam mmoja kutoka kwa watu wa mke. Wawili, si mmoja, na wanatoka katika jamaa, si mahakamani. Tafsiri inayoandika "hakimu" hapo inampeleka msomaji kwenye jengo lenye bendera, wakati aya inazungumzia wajomba na mashangazi walioketi sebuleni. Mwamuzi au msuluhishi ndilo neno.

Tahkiim iliyotikisa historia ni ya Siffin, mwaka 37 Hijria (657). Vita kati ya Ali na Muawiya vilisimamishwa, kila upande ukatoa mtu wake: Abu Musa al-Ash'ari kwa upande wa Ali, Amr ibn al-As kwa upande wa Muawiya. Baadhi ya watu wa Ali wakalikataa jambo hilo wakapaza sauti: laa hukma illaa lillaah, hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Ali akajibu kwa maneno yaliyobaki mpaka leo: ni neno la haki linalokusudiwa batili. Angalia hapo jinsi hukm na haqq yalivyosimama pande mbili za mzozo mmoja, kila moja na mzizi wake. Waliopaza sauti hiyo waliitwa Muhakkima. Na hapa Kiarabu kinafanya jambo ambalo kamusi nyingi fupi hazilielezi: kuitamka ile kauli ya kukataa waamuzi nako kunaitwa tahkiim. Neno moja, wazni moja, kwa waliowateua waamuzi na kwa waliowakataa. Asiyejua hilo akisoma historia ya kipindi hicho atadhani Muhakkima ni wafuasi wa usuluhishi, naye atakuwa amegeuza mambo juu chini. Ibadhi wa Oman, ambao dhehebu lao ndilo lililokuwa la masultani wa Zanzibar, huwahesabu Muhakkima wa mwanzo miongoni mwa watangulizi wao, kwa hiyo neno hili si la mbali sana nasi.

Sura ya nne ni ahkama, masdari ihkaam: kufanya jambo likakaza, lisiwe na mwanya. Mlango unaofungwa ukashika, kamba iliyosokotwa vizuri, jengo lisiloyumba, vyote ni muhkam. Waajemi wamelichukua neno hilo na kulifanya la kila siku. Kwao mohkam ni imara, imekazwa. Katika Qurani, sura ya Hud inafungua kwa kitabu ambacho aya zake uhkimat, zimekazwa. Na sura ya Aal Imran, aya ya 7, inagawa aya kuwa muhkamaat na mutashaabihaat: zile ambazo maana yake imeshika mahali pamoja, na zile zinazoweza kuelekea huku na huku. Anayetafsiri muhkamaat kuwa "aya za hukumu" amevuta kwenye sura ya kwanza kitu kilicho kwenye sura ya nne. Kuna aya muhkam nyingi zisizo na sheria yoyote ndani yake.

Wanasheria wa Tanzania wana msemo ambao, kwa sadfa tu, unairudisha picha hii. Mdai akishashinda na aliyeshindwa asilipe, anapeleka maombi ya kukazia hukumu. Hakuna aliyekaa akautafsiri kutoka Kiarabu, lakini hukumu na kukaza vimekutana tena mahakamani baada ya kuachana kwenye kamusi.

Msemo huo unanikumbusha pia kwamba hukumu yenyewe ina chumba zaidi ya kimoja. Mahakamani ni uamuzi wa mwisho ulioandikwa na kusomwa, na ni kitu tofauti na adhabu, ingawa magazeti huyaunganisha. Chuoni, mwanafunzi wa tajwidi, elimu ya kuisoma Qurani, anasoma hukumu za nuni sakina na tanwini, ambazo ni 4: idhhari, idghamu, iqlabu na ikhfaa. Hakuna anayefungwa hapo. Hukumu maana yake ni kanuni inayolishika jambo. Na kwenye fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, hukumu ni 5: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Mtu akiuliza "nini hukumu ya kuvuta sigara?" anauliza tendo hilo linaangukia wapi kati ya matano hayo.

Kwenye misingi ya fiqhi ndipo hukumu na hekima, ndugu wa tumbo moja, wanapotenganishwa kwa ukali, na anayewachanganya huharibu kila kitu. Kati yao wanamweka wa tatu asiye wa ukoo huu: illa, sababu iliyo wazi na inayopimika. Chukua sala ya msafiri, anayepunguza rakaa 4 kuwa 2. Hukumu ni ruhusa ya kupunguza. Illa ni safari. Hekima ni kumwondolea mashaka. Hukumu hufuata illa, ikiwapo ipo, isipokuwapo haipo, haifuati hekima. Kwa hiyo aliyepanda ndege, akala, akalala na kushuka bila jasho, anapunguza. Mchukuzi wa bandarini aliyebeba magunia tangu alfajiri katika mji wake mwenyewe hapunguzi, japo amechoka mara kumi ya yule wa ndege. Ukiifanya hekima kuwa illa, kila mchoka atajipunguzia. Sababu ya kutenga ni hiyo hiyo: uchovu haupimiki, safari inapimika.

Hata hivyo Kiarabu cha zamani hakikuujenga ukuta huo mara zote. Sura ya Maryam inasema Yahya alipewa hukm angali mtoto. Hakuwa na mahakama mtoto yule. Wafasiri wengi wameielewa kuwa fahamu na hekima. Na jina Ahkamu l-haakimiin, mwishoni mwa sura ya Tin, linabeba pande zote mbili, mwadilifu zaidi katika kuhukumu na mwenye hekima zaidi. Kiswahili kinakulazimisha uchague upande mmoja. Kila mfasiri amechagua, na kila aliyechagua amepoteza kitu.

Lugha nyingine zilizoupokea mzizi huu zilikuwa makini kuliko sisi, au tuseme zilikuwa na bahati. Kituruki kimewatenga wote: hâkim ni jaji, hekim ni daktari, hakem ni refa, hüküm ni hukumu, hükümet ni serikali, mahkûm ni mfungwa aliyehukumiwa. Kiindonesia kinasema hakim kwa jaji kama sisi, lakini hukum kwao ni sheria yote kwa ujumla, na adhabu wameitengenezea hukuman kwa kiambishi chao wenyewe. Kiurdu kimemfanya hakiim kuwa tabibu wa dawa za asili, na hukm kuwa amri. Kiswahili, kwa upande wa serikali, hakikutaka mzizi huu kabisa: serikali tumeitoa kwa Waajemi, dola na utawala kwenye mizizi mingine ya Kiarabu.

Kutoka hapo ndipo yanapozaliwa makosa ya tafsiri ninayoyaona mara nyingi zaidi. Wakuu wa emirati za Ghuba cheo chao ni haakim: haakim wa Dubai, haakim wa Sharjah. Ukiandika "Hakimu wa Sharjah" umemshusha mtawala wa nchi ukampa meza ya mahakama ya mwanzo. Ni Mtawala. Hukuuma ni serikali, si hukumu. Nidhaamu l-hukm kwenye habari za kisiasa ni mfumo wa utawala. Bi-hukmi ni "kutokana na" au "kwa nguvu ya": bi-hukmi l-'aada ni kwa mazoea, wala hakuna mazoea yaliyotoa hukumu. Na fii hukmi kitu fulani ni kuwa sawa na kitu hicho, kuhesabiwa kama hicho.

Anayetaka kuhakiki mwenyewe ajue kamusi za zamani zimepangwaje, la sivyo atakesha. Kamusi ya Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 711 Hijria (1311), kwa mpangilio wake wa asili inakwenda kwa herufi ya mwisho kwanza. Ukitafuta ح ك م usiende kwenye ح. Nenda mlango wa mimu, ndani yake fasili ya ح, kisha shuka mpaka ك. Matoleo mengine ya siku hizi yamepangwa upya kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo fungua ukurasa wowote uangalie kabla ya kulaumu kitabu. Al-Khalil wa karne ya 8, katika Kitab al-Ayn, alifuata njia nyingine: alianza na herufi za kooni, 'ayn ikiongoza na ح ikifuata, na mizizi yenye herufi zile zile aliiweka mahali pamoja kwa kuzigeuza. Herufi 3 zinageuka mara 6, kwa hiyo ح ك م utaukuta na ك م ح na م ح ك katika mlango mmoja. Al-Khalil alifanya hivyo ili asipitwe na neno, si kwa kudai kwamba maana zake ni moja.

Aliyedai kitu karibu na hicho ni Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 392 Hijria (1002). Yeye aliona migeuzo ya mzizi mmoja huweza kuzungukia maana moja. Kwa mzizi wetu, ukiutaka mchezo huo, utapata vya kukufurahisha: kamaha ni kuvuta hatamu ili mnyama asimame, na hapo farasi wa Ibn Faris anarudi mbio, mumaahaka ni mabishano ya watu wawili wakaidi, wateja halisi wa hakimu. Mingine iliyobaki haitoi kitu. Ibn Jinni mwenyewe alikiri kwamba jambo hili haliendi kwa lugha nzima, lakini kauli yake hiyo hunukuliwa mara chache kuliko mifano yake.

Na ukirudi ndani ya Lisan al-Arab, pitia na mlango wa qafu, fasili ya ح. Utaikuta haki huko, kwenye ح ق ق, pamoja na hakika, hakiki na mstahiki. Ukubwa wa ukoo wake unatosha. Hauna haja ya kuazima hakimu.